Grogan: Mtaa unaoyavua magari koti kuukuu

Ukishuka matatu kwenye mzunguko wa Globe jijini Nairobi, pale palipopata jina kutokana na sinema ya zamani, ukaipa mgongo barabara ya kwenda Thika na kufuata ile ya Kirinyaga, pua itakuarifu umefika wapi kabla ya macho. Kwanza itakuja harufu ya oili iliyotumika, kisha ya mpira wa magurudumu, kisha ya rangi mbichi inayopulizwa kwa pampu. Ukisogea mbele kidogo, hasa kama mvua imekawia, utapata pia harufu ya Mto Nairobi, unaopita nyuma ya vibanda ukiwa umebeba kila kitu ambacho jiji halitaki kukitazama.

Huku ndiko Grogan. Usitafute kibao chenye jina hilo, hutakiona. Ewart Grogan alikuwa Mwingereza aliyejipatia sifa kwa kusafiri kutoka Cape Town hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu, safari aliyoimaliza mwaka 1900. Baadaye akaja kuishi katika nchi hii, akajitwalia ardhi ya kinamasi hapa kando ya mto. Mwaka 1907 aliwacharaza viboko Wakikuyu watatu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, naye akafungwa mwezi mmoja kwa kosa la mkusanyiko haramu. Baada ya uhuru barabara ilipewa jina la mlima wetu, Kirinyaga. Hata hivyo mwulize makanga yeyote akushushe Kirinyaga Road na huenda akakuuliza, "Grogan?" Jina jipya lilipakwa juu ya la zamani bila la zamani kutolewa, na jambo hilo, msomaji mpenzi, ndilo hasa lililonileta huku. Tofauti ni kwamba leo nazungumzia magari.

Safari nyingi za ukurasa huu hukupeleka pwani au mbugani, ukarudi na picha za minazi na ndovu. Ya leo haihitaji zaidi ya nauli ya matatu na viatu usivyovionea huruma. Barabara yenyewe ni duka moja refu la vipuri. Taa za nyuma zimetundikwa kama mikungu ya ndizi. Redieta zimeegemezwa ukutani, springi zimepangwa kwa ukubwa, milango ya magari imesimama peke yake bila magari. Mchuuzi wa huku hatakuuliza jina lako. Atakuuliza gari lako ni la mwaka gani na lina injini gani, kisha atatoweka uchochoroni na kurudi na kitu ulichofikiri hakipatikani nchini. Upo mzaha wa siku nyingi kwamba ukiibiwa kioo cha pembeni asubuhi, nenda ukakinunue Grogan mchana. Wenyeji wameusikia mara elfu na hawacheki.

Ukiacha maduka na kuteremka upande wa mto, kelele hubadilika. Mabishano ya bei hupungua, na badala yake unasikia nyundo juu ya bati, mashine za kusagia chuma na mlio wa mitambo ya kulehemu. Hapa ndipo magari yaliyogongwa hunyooshwa na yaliyochakaa hupuliziwa rangi. Na hapa, chini ya mti mmoja na kipande cha turubai, nilimkuta mzee niliyekuwa nimesifiwa. Aliingia Grogan akiwa kijana katika miaka ya 1980, na kwa miaka mingi sasa hafanyi kazi nyingine ila kung'arisha magari. Vijana wawili humsaidia. Wao humwita mzee, na wateja humwita fundi.

Asubuhi hiyo, saa moja hivi, alikuwa amesimama na mama mmoja mwalimu kutoka mitaa ya mashariki mwa jiji, mbele ya gari dogo la samawati iliyokoza. Gari lilikuwa limekuja nchini kwa njia inayojulikana na familia nyingi: likatumika Japani, likapakiwa melini, likateremshwa Mombasa, likanunuliwa kwa mkopo wa ushirika. Sasa lilikuwa linauzwa. Kifungua mimba wa mwalimu alikuwa ameitwa chuo kikuu, na karo haisubiri mtu. Mnunuzi alipatikana, akaliendesha, akaipenda injini, kisha akapapasa boneti na kutikisa kichwa. Alisema rangi imekufa. Alitaka bei ishushwe kwa gharama yote ya kupulizia gari zima upya, na gharama hiyo, kwa hesabu za mwalimu, ilikuwa karibu sawa na karo ya muhula wa kwanza.

Basi alikuja Grogan kuuliza bei ya rangi. Wapulizaji wawili walikwisha mtajia bei, na mmoja alikuwa tayari ameshika msasa. Ni mpita njia tu aliyemwambia kwamba kabla hajalipa, amwone mzee wa chini ya mti.

Mzee hakusema kitu kwanza. Alichota maji kwa kopo, akayamwaga polepole juu ya boneti, akainama kutazama. Upande mmoja maji yalijikusanya matone matone, kama maji juu ya jani la nduma. Upande wa pili yalitandaa na kushuka kama pazia. Katikati yalifanya vidimbwi visivyo na umbo, vilivyokwama mahali pamoja. Kisha akachukua kitambaa cheupe, akakilowesha kidogo kwa kitu kilichokuwa kwenye chupa, akasugua mahali padogo kama kiganja. Kitambaa kikatoka na uchafu wa rangi ya kahawa ya maziwa. Pale aliposugua palibaki samawati, ile iliyokuwa melini.

"Mwalimu," akasema, "hii rangi haijafa. Imevaa makoti matano, na hakuna lililofuliwa."

Koti analosema ni nta. Mafundi wengi wa hapa huiita waksi au polishi bila kubagua, ingawa mzee husisitiza kwamba hivyo ni vitu viwili: polishi hukwangua, nta hufunika. Nta iliyo bora hutoka mbali. Kaskazini-mashariki mwa Brazili, katika majimbo kama Ceará na Piauí, huota mti wa jamii ya minazi uitwao karnauba. Kiangazi cha huko ni kirefu, na mti hujikinga kwa kuyavisha majani yake unga wa nta ili maji yasipotee. Watu hukata majani hayo, huyaanika, huyapiga ili unga udondoke, kisha huuyeyusha. Ni nta ngumu ajabu. Haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80 za Selsiasi. Kiwandani huchanganywa na mafuta na viyeyusho ili ipakike, na mikebe mingine sokoni haina karnauba hata chembe, ila silikoni na nta za kutengenezwa.

Chini ya nta kuna rangi, nayo ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Tabaka la juu kabisa la gari la siku hizi, lile angavu ambalo mafundi huliita klia, kwa kawaida lina unene wa maikroni 40 hadi 50. Unywele wa kichwani mwako una takriban 70. Huo ndio ukuta wote uliopo kati ya gari lako na jua. Kila anayesugua kwa nguvu anakula ukuta huo, nao haurudi. Nta hupakwa ili iliwe badala yake.

Na Nairobi inakula. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na karibu mno na ikweta, kwa hiyo miale ya jua hutufikia ikiwa mikali hata siku ambayo mtu amevaa sweta. Kuna vumbi jekundu la mitaa isiyo na lami. Kuna moshi wa dizeli. Kuna mijakaranda, inayopendeza mno kwenye kalenda ifikapo Oktoba, lakini maua yake yaliyopondeka juu ya gari huacha alama. Na kuna korongo, wale ndege wakubwa wenye upara wanaokaa juu ya migunga karibu na uwanja wa Nyayo. Atakayeegesha chini yao hahitaji kuelezwa zaidi. Kinyesi cha ndege kina asidi, na kikikaushwa na jua huchora rangi. Nta ya kawaida ikikutana na haya yote hudumu wiki kadhaa, ikibahatika miezi miwili mitatu. Haifi yote kwa pamoja. Hubanduka hapa, hubaki pale, na iliyobaki hunata vumbi.

Sasa fikiria kinachofanyika Jumamosi katika sehemu nyingi za kuoshea magari. Kijana humwagia gari maji, hulipangusa, kisha hufungua mkebe na kupaka nta mpya juu ya ile ya zamani iliyokwisha kushika vumbi. Gari hung'aa. Mwenyewe hutabasamu, hulipa, huondoka. Ila nta hiyo mpya haikushika rangi, imeshika uchafu. Ile ya chini ikibanduka huondoka na ya juu. Wiki mbili baadaye hurudiwa, na mwaka ukiisha gari lina ukungu juu yake kama mtoto wa jicho. Mwenye gari husema jua la Nairobi limemwua rangi, mnunuzi husema hivyo hivyo, na mpulizaji hana sababu ya kuwapinga.

Siwalaumu vijana wa Jumamosi. Wanalipwa kwa gari, na foleni ni ndefu. Hata mzee anakubali kwamba kupaka tabaka mbili nyembamba za mkebe mmoja, moja baada ya nyingine siku hiyo hiyo juu ya gari safi, hakuna ubaya. Ubishi wake ni juu ya kupaka juu ya kitu kuukuu. Vilevile anasema wazi kwamba rangi hufa kweli. Ukiona klia inabanduka vipande vipande kama ngozi iliyochomwa na jua, hakuna nta itakayoirudisha. Juu ya paa la gari la mwalimu alilionyesha doa la namna hiyo, upana wake kama sahani ya chai. "Hili ni la mpulizaji," alisema. "Hayo mengine ni yangu."

Kazi ilianza mapema kwa sababu mbili. Mabati yalikuwa bado baridi, na walehemuji walikuwa hawajawasha mitambo. Jina la jua kali lilitokana na kufanya kazi juani, lakini hii ni kazi isiyolitaka jua hata kidogo. Dawa za kuondoa nta zikigusa bati la moto hukauka kabla hazijafanya kazi na kuacha michirizi.

Vijana waliosha gari kwanza, kutoka juu kuja chini, kwa ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia sifongo ili mchanga usirudishwe juu ya rangi. Sabuni ilikuwa ile ya maji ya kuoshea vyombo. Mzee haipendi siku za kawaida, maana hula nta nzuri, lakini siku ya kuvua koti ni mwanzo mzuri. Ya unga haitaki kabisa, kwa kuwa chembe zisizoyeyuka hukwaruza. Wengi husimama hapo wakidhani sabuni imemaliza. Alimwaga kopo la maji tena kwenye boneti, na matone yakajikusanya pale pale yalipokuwa, machache kidogo tu.

Hatua ya pili ndiyo iliyochukua muda. Alitumia waiti-spiriti, ile inayouzwa madukani mwa rangi, kwenye kitambaa laini cha pamba kilichokunjwa mara nne. Hakuimwaga juu ya gari. Alilowesha kitambaa, akapangusa sehemu yenye upana wa gazeti lililofunguliwa, akageuza upande mkavu akafuta, akahamia nyingine. Kitambaa kikijaa hutupwa pembeni kwenye debe lenye mfuniko na kingine huchukuliwa. Nilihesabu vitambaa 11 kabla hawajamaliza upande mmoja. Kwenye mipaka ya plastiki nyeusi, ambako nta ya zamani huganda na kuwa meupe kama chumvi, kijana alitumia mswaki.

Kijana mwingine, mgeni kidogo katika kazi, aliuliza kwa nini wasitumie petroli, iwe haraka. Nilidhani mzee atamkaripia. Alimwelekeza tu macho upande wa pili wa uchochoro, ambako mlehemuji alikuwa anavaa miwani yake, cheche za kwanza zikiwa karibu kuruka. Petroli hutoa mvuke unaotambaa chini hadi ukutane na moto. Waiti-spiriti nayo hushika moto, ndiyo sababu ya debe lenye mfuniko na ya kuanza alfajiri, lakini petroli ni balaa jingine. Mafuta taa hayaripuki kwa urahisi huo, ila huacha utando wa mafuta ambao nta mpya haiupendi. Na thina? Hapo mzee aliinua kidole.

Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa na samawati iliyotofautiana kidogo na mwili. Mwalimu alikumbuka uliwahi kuguswa na mkokoteni, ukarekebishwa kabla ya Krismasi ya mwaka fulani. Mzee alifungua mlango, akagusa ukingo wa chini usioonekana kwa kitambaa chenye tone la thina. Kitambaa kikatoka cha samawati. Kwa hiyo mlango ulipulizwa ile rangi rahisi wanayoiita NC, ambayo hukauka kwa hewa tu na huyeyuka tena ikikutana na thina. Rangi ya kiwandani, na ile ya gereji wanayoiita 2K inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, haiyeyuki kirahisi hivyo. Mlango huo basi ulitengwa: sabuni, mkono mwepesi wa waiti-spiriti, polishi laini, basi. Hapakuwa na hatua ya alkoholi. Mtu asiyepima angaliupoteza wote kwa dakika moja.

Kisha gari likaoshwa tena, maana waiti-spiriti nayo huacha mafuta kidogo. Lilipokauka wakalipangusa kwa alkoholi ya aina ya isopropili iliyotiwa maji, sehemu moja kwa mbili. Kufikia hapo ilikuwa saa nne kasorobo, mitambo yote ya mtaa ilikuwa inaimba, na gari lilikuwa limepoa mng'ao. Mwalimu aliingiwa na wasiwasi. Rangi iliyovuliwa nta huonekana tupu, na kila mkwaruzo uliofichwa na makoti yale hujitokeza. Palikuwa na duara jembamba za sifongo chafu karibu kila mahali, na mstari mmoja mrefu mlangoni ambao bila shaka ulikuwa wa funguo.

Mzee alimpa karatasi ya mkate. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku mwezi Agosti 2017, karatasi laini ya mkate ndiyo iliyobaki, na yeye huziweka akiba. Alimwambia aingize mkono ndani yake apapase boneti. Kiganja kikiwa ndani ya plastiki nyembamba huhisi mambo ambayo ngozi tupu haiyapati. Mwalimu alipapasa na uso ukabadilika: palikuwa kama msasa. Zilikuwa chembe za chuma za breki, za reli, na za mtaa wenyewe. Grogan ni mahali pabaya pa kuegesha gari zuri, kwa kuwa kila mashine inayosaga chuma hurusha vumbi lenye moto linalojichomeka katika rangi na kuota kutu. Mzee anajua hilo kuliko yeyote, na ndiyo maana kibanda chake kiko upande ambao upepo huondoka.

Chembe hizo hutolewa kwa udongo maalumu, mfano wa ule wa watoto wa shule kufinyangia. Huburutwa juu ya rangi iliyoloweshwa maji ya sabuni, taratibu, bila kukandamiza, na hukunjwa kila unapochafuka. Ukianguka chini hautumiki tena, hata kama ni mpya, maana mchanga uliouokota utachora. Kijana aliudondosha mara moja. Akautazama mzee, mzee akautazama udongo, na ukaenda jalalani bila neno.

Polishi laini ilipunguza zile duara. Haikuziondoa zote, na mzee hakutaka ziondoke zote, kwa ule uchache wa klia niliokwisha kuueleza. Mwisho kabisa ndipo mkebe wa nta ulipofunguliwa, na nilishangaa jinsi ilivyotumika kidogo. Ilipakwa nyembamba kiasi cha kutoonekana vizuri. Wakangoja. Kujua kama imekuwa tayari, mzee alipitisha kidole: kikiacha mstari safi, futa, kikikokota, ngoja. Mlango wa NC ulipata nta sawa na mingine.

Nikiwa nangoja nilizungumza na yule mpulizaji aliyekuwa ameshika msasa asubuhi. Hakuwa na kinyongo. Alikubali kwamba kama angeanza kupiga msasa juu ya makoti yale, angejitia matatani mwenyewe. Silikoni iliyo katika nta nyingi husukumwa na msasa ndani ya mikwaruzo, na rangi mpya ikipulizwa juu yake hujikunja na kufanya vishimo vya duara ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Kazi huharibika yote, huanza upya, na mteja huwa amekwisha kulipa nusu. Kwa hiyo hata anayetaka rangi mpya kabisa ni lazima kwanza avue nta. "Ila watu hawana subira ya kuvua," alisema, akirudi kwenye gari lake.

Wewe uliye mtaani Buruburu au Umoja, au mwanafunzi unayemwoshea mzazi gari wakati wa likizo, unaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii nyumbani. Tafuta kivuli, na kama unaweza kuchagua, miezi ya Juni hadi Agosti, ambapo Nairobi ni baridi na mabati hayachemki. Vaa glavu, usifungie harufu ndani ya gereji iliyozibwa, weka jiko la makaa mbali, na jaribu kila dawa mahali pasipoonekana kabla ya kuipeleka kwenye boneti. Mara mbili kwa mwaka yatosha. Kopo la maji litakuambia wakati wake: maji yakifanya matone sawasawa kila mahali, acha, koti bado ni zima. Yakifanya matone hapa na pazia pale, vua.

Jambo moja halikunifurahisha, nami nilimwambia mzee. Maji yote ya kuoshea, na sabuni, na nta iliyotoka, yaliteremka mfereji mmoja hadi mtoni. Mto huu haufi hapa. Huungana na Athi, hupita Tsavo ukiitwa Galana, na huingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki, kwa hiyo nta ya Brazili huvuka nchi nzima hadi baharini. Mzee alisema vitambaa vyenye waiti-spiriti havimwagiwi mtoni, hukaa debeni hadi vichukuliwe. Kuhusu maji alinyamaza kidogo. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, alisema, serikali iliagiza watu waondoke mita 30 kutoka ukingoni mwa mito, na tangu hapo kila gari la kaunti likipita yeye hufikiri zamu yake imefika. Mtu anayengoja kuhamishwa hachimbi shimo la kuchujia maji. Nilimwelewa, ingawa mto haukusafika kwa kuelewa kwangu.

Saa saba mchana gari lilikuwa nje ya turubai. Sitasema lilikuwa jipya. Mstari wa funguo ulikuwepo, na doa la paa lilionekana zaidi sasa kwa kuwa jirani zake walikuwa wamependeza. Lakini samawati ilikuwa samawati, na matawi ya mti yalionekana ndani yake. Mwalimu alilipa pesa walizopatana asubuhi, ambazo hata haziwezi kuwekwa kando ya bei ya kupuliza gari zima, akaongeza za soda za vijana. Kisha akampigia simu mnunuzi amfuate huko huko Grogan.

Alikuja upesi, kijana wa ofisini mwenye shati jeupe, akiruka madimbwi ya oili. Alilizunguka gari mara mbili. Alipapasa boneti kama siku ile, akatazama kiganja chake, akaipapasa tena. Mwalimu hakumngoja aulize. Alimwonyesha doa la paa, akamweleza habari za mlango wa kushoto na mkokoteni, akamwambia hayo mawili yuko tayari kuyakata kwenye bei na mengine hapana. Kijana alimgeukia mzee kama anayetafuta shahidi. Mzee alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kukamua kitambaa.

Nilipoondoka kuitafuta matatu yangu, wale wawili walikuwa wamekalia magurudumu makuukuu, simu mikononi, wakipiga hesabu, na wala hawakuwa wakizungumzia rangi.